Nakili Kama Ilivyo

Boksi lilikuwa kubwa kuliko vitu vilivyokuwamo. Kikombe, ndala, chaja, sweta ya kujikinga na kiyoyozi. Mawingu alilikumbatia akishuka ngazi, mlinzi nyuma yake.

"Pole, mama," mlinzi alisema. "Mimi nimetumwa tu."

"Najua. Usinisukume."

"Sijakusukuma."

"Basi usinipumulie shingoni."

Ndani ya kikombe simu ilikuwa inatetemeka tangu ngazi ya kwanza, ikigonga kama njugu kwenye bati. Hakuishika. Mguu ukakanyaga ngazi ya mwisho, na hapo ndipo wiki jana mlipobaki mmeshika gazeti roho juu, kwa sababu sauti ilitoka ghorofani:

"Mrudisheni! Mrudisheni huyo mwanamke!"

Ilikuwa sauti ya yule yule aliyemfukuza. Shemeji.

Waliochelewa nawapa kwa ufupi. Kampuni hii inakagua madai ya bima za magari. Gari likigongwa, wao ndio wanaoletewa picha, wakasema bima ilipe au isilipe. Waliianzisha ndugu wawili. Mkubwa ni mume wa Mawingu. Sisi tunamwita Kaka Mkubwa. Mdogo ndiye Shemeji. Siku moja picha za ajali chungu nzima zilifutika, haikubaki hata moja, na zilifutwa kwa akaunti ya Kaka Mkubwa. Shemeji akalia mbele ya wafanyakazi, akajipangusa machozi, akamfukuza kaka yake wa tumbo moja. Tangu hapo Kaka Mkubwa anakaa nyumbani na ndevu zake. Akipita mtaani watu wanabadilisha mazungumzo.

Mke alibaki kazini. Wakamsema. "Hana haya, anakula kwa aliyemmaliza mumewe." Akawaacha waseme. Alitaka kitu kimoja tu: Shemeji aaibike mbele ya watu wale wale waliomwona mumewe akiaibika. Hakutaka wazee, hakutaka kikao cha familia. Alitaka ukumbi ule ule, na viti vile vile.

Jina la Mawingu alipewa na wenzake, maana ndiye aliyezihamishia kompyuta za timu nzima mawinguni, kama wanavyosema wenyewe. Mezani siku hizi mtu ana skrini, kibodi na kipanya, basi. Kompyuta yenyewe iko mbali, ndani ya mashine za kukodi, inaitwa kwa intaneti. Ukihama meza, inakufuata. Ukilala nyumbani na homa inakufuata pia, ndiyo maana si wote walioipenda.

Kazi ya kuhamisha iliisha jana. Leo asubuhi akafukuzwa.

Sasa twende juu naye.

Shemeji alikuwa amevaa mkono mmoja wa koti, mkono mwingine unaning'inia. Asubuhi hiyo anakuja Mkaguzi Mkuu wa bima, aje akae na timu awaone wakifanya kazi. Akiridhika, kampuni inaendelea kula. Na timu nzima imekaa mikono mapajani, skrini zote zimeandika neno moja.

"Bosi," alisema mama mmoja wa meza ya mbele, ambaye kwa jinsi anavyoongea hakuna anayemwita jina jingine ila Mama Sauti, "yangu inaniambia nisubiri idhini. Nisubiri mpaka nistaafu?"

Shemeji akamgeukia Mawingu. "Kompyuta hazifunguki!"

"Zinafunguka. Zinaniomba ruhusa mimi, na mimi nimefukuzwa."

"Kwa nini zikuombe wewe?"

"Namba ya uhakiki inatakiwa iende kwenye simu ya kila mtu. Ulipiga marufuku simu mezani, ukasema zikae kwenye droo. Nikakuuliza ziende wapi. Ukasema, 'Pokea wewe, usinichoshe.'"

Kikombe kikagonga tena ndani ya boksi. Mama Sauti akakohoa kikohozi cha mtu anayemeza kicheko.

Shemeji akamvuta Mawingu kwenye chumba chake cha vioo, akashusha sauti.

"Unataka nini?"

"Utoke hapo nje useme mume wangu hakufuta zile picha."

"Kaka alifuta. Akaunti yake imesema."

"Haya. Mlinzi! Twende."

"Subiri! Subiri kwanza." "Nitasema. Mgeni akiondoka tu, nitasema."

Alikuwa anafunga kifungo cha koti aliposema hivyo, wala hakumtazama. Hata wewe uliyeko kwa kinyozi unasubiri zamu umeshajua kwamba hatasema. Mawingu naye alijua. Lakini akajibu, "Sawa, Shemeji."

"Ila sitaki tena mambo ya kukuomba omba wewe. Ondoa ruhusa. Ondoa na pasiwedi zao. Yangu mimi nikiwasha inafunguka, haijawahi kuniuliza swali. Zote ziwe kama yangu."

"Inawezekana. Zote zimezaliwa na moja, tunaiita kompyuta mama. Nikiifanya yako iwe mama, kila mtu atapata nakala yake. Lakini kwanza niisafishe. Nitoe akaunti zako na vitu vyako vya ndani..."

"Uisafishe?" Macho ya Shemeji yakawa madogo. "Uingie kwangu upekue! Si ndicho ulichokuwa unatafuta siku zote?"

"Shemeji, yako ina mambo yako. Nakwambia mapema."

"Nakili kama ilivyo. Usifungue kitu, usifute kitu. Nitasimama hapa nikuangalie mikono."

"Kama ilivyo kabisa? Na jina lako ndani?"

"Na jina langu ndani!"

Mawingu akaunyoosha mkono akaufungua mlango wa kioo. "Rudia kidogo, kiyoyozi kinapiga kelele."

"NAKILI KAMA ILIVYO!"

Ukumbi mzima uligeuka.

"Tumesikia, bosi," Mama Sauti akajibu. "Na barabarani wamesikia."

Mkono wa Mawingu ulikuwa juu ya kipanya. Angeweza kumkalisha chini amweleweshe polepole, kama anavyoelekezwa mtoto asiguse jiko. Alimwonya mara moja. Mara ya pili hakumwonya, na mimi sitamtetea.

Akabonyeza.

Hakufungua kitu wala hakufuta. Mstari wa kijani ukatambaa, ukajaa. Shemeji nyuma yake ananusa kama mbwa wa forodha.

"Tayari. Sasa andika pasiwedi mpya ya usimamizi. Mimi nimegeuka."

Shemeji akaiandika kwa kuponda ponda vitufe, kwa hasira, akatikisa kichwa kujipongeza. Sasa Mawingu hakuwa na ufunguo hata mmoja wa nyumba aliyoijenga.

"Nenda."

"Na lile neno?"

"Neno gani? Mlinzi! Msindikize."

Ngazi zile zile, boksi lile lile. Safari hii kikombe kilikuwa kimya.

Tumwache ashuke. Juu kunaanza kupendeza.

Mkaguzi Mkuu aliingia: mwanamke mwembamba, miwani imefungwa kamba shingoni, salamu fupi. Shemeji akamkalisha kando ya Mama Sauti, akacheka bila sababu, akasema anakwenda kuandaa maelezo yake, akajifungia kwenye vioo na kuwapa watu mgongo.

Skrini zikafunguka zote kwa pamoja.

Na kwenye kila skrini alikuwako Shemeji, miwani ya jua, mkono kiunoni, ameegemea gari lake jipya.

"Huyu kaja kwangu," mtu akanong'ona.

"Na kwangu yupo."

"Ni utaratibu wa kampuni?" Mkaguzi Mkuu akauliza.

"Tunampenda sana bosi wetu, mama," alisema Mama Sauti. "Hatuwezi kufanya kazi bila kumwona."

Ndipo spika zote zikalia mlio mmoja. Chini ya picha kikafunguka kidirisha cha chati. Anayeandika alijulikana kwa jina alilohifadhiwa nalo: Mwenye Gereji.

*Vipi, yule bibi wa bima kafika?*

Jibu likaja kwa jina la Shemeji. Ndani ya vioo mabega yake yalionekana yakicheza juu ya kibodi.

*Kafika. Kakauka kama mwiko. Nimemweka na yule mpiga kelele amchoshe.*

Mkaguzi Mkuu akavaa miwani.

"Mpiga kelele ni mimi," Mama Sauti akasema, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alinong'ona.

*Na mke wa kaka yako?*

*Nimemtupa nje leo. Kwisha.*

*Usimchokoze akaanza kuchimba. Lile gari jekundu tulilolidaia bima mara tatu bado linanitia homa.*

*Achimbe nini? Picha alifuta mumewe, ha ha. Siku ya msiba wa mama aliacha kompyuta yake wazi chumbani kwangu, akatoka kupokea wageni. Nilimaliza kabla hawajaleta jeneza.*

Hakuna aliyecheka. Watu wa ukumbi ule walikuwako kwenye msiba ule. Walibeba viti, walipika, walimwona Shemeji amemkumbatia kaka yake getini, wanalia pamoja, na watu wazima wakasema, tazameni watoto wa mama mmoja.

"Gari jekundu," alisema Mkaguzi Mkuu taratibu. "Nalikumbuka. Tulilipa. Lakini bila picha hilo ni porojo tu la kwenye chati."

Mama Sauti akavuta kibodi karibu. "Si niko ndani kwa jina lake? Ngoja tumuulize." Akaandika:

*Hivi ile nakala ya picha niliyokupa, uliiweka wapi?*

Jibu halikuchelewa.

*Si kwenye diski, droo ya vipuri hapa gereji! Umelewa asubuhi yote hii?*

Ndani ya vioo mabega yakasimama. Jiweke mahali pake wewe. Umekaa kwako peke yako, umeona jina lako limeuliza swali ambalo hukuuliza, na limejibiwa. Shemeji akaandika haraka:

*Siyo mimi niliyeandika hiyo!*

*Nani basi?*

*Ni mimi,* akaandika Mama Sauti.

*Muongo, ni mimi,* ikaandikwa kutoka meza ya nyuma.

*Mimi ndiye bosi hapa,* ikatoka kona ya dirishani.

*Jamani nyinyi ni wangapi?* akauliza Mwenye Gereji.

Shemeji akageuka. Akaona kupitia kioo, meza kwa meza, anajitazama mwenyewe ameegemea gari. Akairukia kompyuta yake akaizima. Ikazimika. Za timu zikaendelea kung'aa, maana hazimo mezani pale na wala hazimtegemei yeye kuwa macho.

Chini getini, Mawingu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlinzi. Kikombe kikalia.

"Zima!" Shemeji alikuwa anahema. "Zima zote!"

"Mimi si mfanyakazi wa hapo."

"Nakuomba!"

"Pasiwedi unayo wewe. Niligeuka, sikuiona."

"Nimeisahau! Niliiandika na hasira!"

"Ah. Pole."

"Umefanya makusudi!"

"Ulisema nakili kama ilivyo. Na barabarani wamekusikia." Alikuwa anatabasamu, akichezea kamba ya boksi. "Kwani wameona nini, Shemeji?"

Ilibidi Shemeji alitamke mwenyewe, akakwepa.

"Shemeji, sisi ni familia..."

Nyuma ya Shemeji, huko juu ukumbini, ikapasuka sauti isiyohitaji simu: "Mawingu! Alifuta siku ya msiba! Mama yao hajafika kaburini, yuko chumbani anafuta!"

Tabasamu likaisha. Siku ile alisimama mlangoni na kanga kichwani, akamwambia mumewe, "Acha hiyo kompyuta, watu wamefika, toka uwapokee." Alisema yeye, kwa mdomo wake.

"Bado uko hapo?" akauliza Shemeji.

"Kaa hapo hapo. Nakuja. Safari hii sijaitwa."

Akapanda. Mlinzi akalibeba boksi bila kutumwa na mtu. Ukumbini hakuna aliyekuwa ameketi. Mawingu akaenda mpaka pale mumewe alipokuwa amesimamishwa siku ile, akamwonyesha Shemeji kwa kidole pa kusimama.

"Sema."

"Tuongee nyumbani..."

"Mume wangu hukumwambia nyumbani. Ulimwambia hapa."

Koti lilikuwa limemshuka bega moja. "Kaka hakufuta," alisema.

"Bosi," alisema Mama Sauti, "rudia kidogo, kiyoyozi kinapiga kelele."

"Kaka hakufuta! Nilifuta mimi!"

Mtu mmoja akaongeza sauti ya spika yake makusudi, mlio wa chati usikike. Mwenye Gereji alikuwa bado anauliza kama kuna mtu yeyote hapo.

Yaliyofuata nayasema kavu.

Mkaguzi Mkuu alikwenda gereji siku hiyo hiyo akiwa na polisi. Diski ilikuwa kwenye droo ya vipuri, chini ya plagi za zamani.

Mwenye Gereji alieleza kila kitu kabla hajapewa kiti.

Shemeji ana kesi. Lile gari la kwenye picha limeuzwa. Anakaa kwa wakwe zake, chumba cha uani.

Kampuni haikunyang'anywa kazi. Simu zimetoka kwenye droo. Mama Sauti amepewa kuongoza timu.

Mlinzi yuko pale pale getini. Hataki tena kusindikiza mtu. Amesema aliyefukuzwa ashuke na aliyemfukuza.

Kaka Mkubwa alipoelezwa aliuliza kitu kimoja. "Siku ya msiba wa mama?" Akaingia bafuni, akanyoa ndevu, akatoka, akakaa pale pale alipokuwa amekaa. Amesharudi kazini. Watu waliokuwa wakimkwepa sasa wanamwahi kwa salamu. Anaitikia zote. Hapigi soga na mtu. Mkewe alidhani atacheka siku hiyo; bado anasubiri.

Wenye mashine za kukodi walimpa Mawingu ufunguo mpya, akabomoa kompyuta zote akazijenga upya, kila mtu na pasiwedi yake, kila mtu na namba yake. Moja hakuibomoa. Ile ya Shemeji, na picha yake na gari lake, ameiacha mawinguni inawaka. Akiulizwa anasema ni ya kuwafundishia wageni. Hakuna mgeni aliyewahi kufundishiwa. Kila asubuhi anaifungua kabla ya yake, anaitazama, anaifunga.

Jumatatu aliifungua, akakuta kidirisha cha chati kiko wazi na nukta zinacheza. Mtu alikuwa anaandika, kwa jina la Shemeji, kutoka huko aliko.

*Shemeji, najua unaifungua. Sikuombi msamaha. Jiulize kitu kimoja tu. Sisi wote tulisema zile picha hazikubaki hata moja. Mama Sauti alijuaje kwamba kuna nakala?*

Ukumbini Mama Sauti alikuwa anacheka na watu wa meza ya nyuma, kicheko kinafika mpaka kwenye ngazi. Kaka Mkubwa alikuwa amesimama karibu naye, ameshika kikombe, na kwa mara ya kwanza tangu arudi, naye alikuwa anacheka.

Mawingu hakuifunga. Alivuta kiti.